Programu au kivinjari? Ninavyopanga mitandao ya kijamii kwenye kompyuta ya steshenari

Steshenari yangu iko Morogoro, jirani na chuo, na kazi nyingi huingia kwa WhatsApp. Mwanafunzi anatuma ripoti ya mafunzo kwa vitendo niiprinti na kuifunga kwa spairo. Mama wa mtaani anatuma picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto nimtolee kopi za kupeleka shule. Katibu wa kikoba anatuma katiba ya kikundi chao. Telegram ndiko wanachuo wanakowekeana noti na mitihani ya miaka ya nyuma, na wakitaka kuprinti wananitumia kutoka huko huko. Facebook na Instagram natangaza bei. Yote haya nayamalizia kwenye kompyuta kwa kuwa printa iko hapo, na kompyuta yenyewe ni ya mezani, niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na intaneti yake ni hotspoti ya simu.

Wenzangu wenye steshenari huniuliza: nipakue programu, au nifungue kwenye kivinjari kama Chrome? Jibu langu huwa refu, maana kuna mtandao unaofaa kwenye programu na kuna unaofaa kwenye kivinjari, na kompyuta ya nyumbani si sawa na ya kaunta. Ila nina msimamo mmoja ambao siuachi. Kwenye kompyuta inayoguswa na watu zaidi ya mmoja, mitandao yote inaanzia kwenye kivinjari, na programu inaruhusiwa kuingia ikiwa na sababu yake maalumu. Nitaeleza ninavyopanga ili nawe upange ya kwako.

Jua kwanza umepakua nini

Watu wengi huamini kwamba programu ni nyepesi kuliko kivinjari. Siku hizi inategemea programu gani, kwa sababu programu za mitandao ya kijamii kwenye kompyuta ziko za namna tatu.

Kuna programu hasa, iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta tangu mwanzo. Telegram Desktop ni ya namna hiyo, imeandikwa kwa lugha ya C++, na ndiyo maana inafunguka upesi hata kwenye mashine iliyochoka. Halafu kuna programu ambayo kwa kweli ni kivinjari kilichovalishwa kanzu. Signal na Discord, ambazo ni za kutumiana meseji, zimejengwa juu ya Electron, mfumo ulioanzia GitHub mwaka 2013, na kila programu ya Electron hubeba ndani yake injini nzima ya Chromium, ile ile inayoendesha Chrome. Ukifungua Chrome, Signal na Discord kwa wakati mmoja, kompyuta yako inaendesha injini tatu za kivinjari. Kwa RAM ya GB 4, ambayo Windows yenyewe imeshaila sehemu kubwa, hapo ndipo mausi inapoanza kuganda na mteja anaanza kuangalia saa. Namna ya tatu ni ukurasa wa wavuti uliopewa dirisha lake: haubebi injini, unaazima iliyopo kwenye kompyuta. Instagram inayopatikana kwenye duka la Microsoft ni ya namna hiyo.

WhatsApp imepita kote huko. Januari 2015 ilikuja kama ukurasa wa kivinjari. Mwaka 2016 ikatoka programu ya kompyuta, lakini ndani yake ulikuwa ukurasa ule ule. Agosti 2022 ikaja programu hasa ya Windows, na ilikuwa nyepesi kweli. Kisha mwishoni mwa 2025 programu ya Windows ikarudishwa kuwa ukurasa wa wavuti unaoendeshwa na WebView2, yaani injini ya Edge (kivinjari cha Microsoft) iliyomo ndani ya Windows. Kwa hiyo yule aliyekuambia mwaka 2023 kwamba ukitaka wepesi upakue programu alikushauri vizuri kwa wakati ule, ila ushauri wake sasa umepitwa. Mwenye kompyuta ya Apple yuko upande mwingine, kwa sababu kule WhatsApp ilipewa programu yake mwaka 2023.

Usikisie, pima. Washa kompyuta upya, fungua programu ya WhatsApp peke yake, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila kinachotumia kompyuta yako. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu ili vinavyokula zaidi vije juu. Kando ya jina WhatsApp kuna kimshale, kibofye. Ukiona jina WebView2 limejipanga chini yake, ujue unatazama kivinjari. Andika tarakimu uliyoiona. Sasa ifunge programu kabisa, usiishie kubofya alama ya msalaba, kwani nyingi hubaki zikiendelea kimyakimya pembeni ya saa, chini kulia. Bofya ikoni yake hapo kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague kutoka. Fungua Chrome, ingia web.whatsapp.com, na ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc. Chrome ina orodha yake yenyewe, inakuonyesha kila kichupo (tab) kinakula kiasi gani.

Katika kulinganisha hizo tarakimu mbili, angalia pia siku yako ilivyo. Mimi Chrome iko wazi kutwa nzima, kwa sababu watu wanakuja kujaza maombi ya mkopo HESLB, kutuma maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kushughulikia vyeti RITA. Gharama ya kuiendesha Chrome nimeshailipa asubuhi, kwa hiyo WhatsApp ndani yake ni nyongeza ya kichupo kimoja tu. Mtu wa nyumbani ambaye hafungui kitu kingine zaidi ya WhatsApp na nyaraka zake za Word, hesabu yake ni nyingine, na programu inaweza kumfaa.

WhatsApp ya dukani

Hii ndiyo iliyobeba biashara, nitakaa nayo.

Nina namba mbili, ya duka na yangu binafsi, na nataka zote ziwe kwenye kompyuta moja bila kuingiliana. WhatsApp Web haikubali kufunguka mara mbili kwenye kivinjari kimoja kwa akaunti mbili. Ukifungua kichupo cha pili inakuuliza kama unataka kuitumia hapo, na ile ya kwanza inasimama. Dawa ni profaili za Chrome. Bofya picha ya duara iliyo juu kulia, chagua kuongeza profaili, ipe jina la duka na rangi yake. Profaili ya duka inakuwa na WhatsApp ya duka, barua pepe ya duka na Facebook ya duka. Profaili yangu ina vya kwangu. Kila moja ina kumbukumbu zake, manenosiri yake na historia yake, na madirisha yake yana rangi tofauti, kwa hiyo hata kijana anayenisaidia kaunta anajua dirisha la kijani ndilo la kazi.

Kuunganisha ni hivi. Kwenye profaili ya duka andika mwenyewe web.whatsapp.com kwenye sehemu ya anwani. Usiitafute Google ukabofya tangazo la juu, maana kuna kurasa bandia zinazoonyesha msimbo wa QR unaofanana kabisa, na ukiuskani umemfungulia mgeni mazungumzo yako yote. Kwenye simu fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, unganisha kifaa, skani. Subiri mazungumzo yashuke, na mara hii ya kwanza inakula bando, kwa hiyo ifanye ukiwa na bando la kutosha. Baada ya hapo weka alama ya nyota kwenye anwani ili usiiandike tena, siku zote uingilie hapo.

Tangu utaratibu wa vifaa vingi ulipoanza mwaka 2021, kompyuta haihitaji tena simu iwe hewani. Simu ikiisha chaji saa nne asubuhi, kazi inaendelea. Vifaa vinne vinaweza kuunganishwa kwa namba moja, lakini usipoitumia simu yenyewe kwa siku 14, vyote vinatolewa. Mwenye namba ya duka kwenye simu ndogo iliyotupwa kwenye droo alikumbuke hili.

Ukiwa tayari, ipe WhatsApp dirisha lake. Kwenye Chrome bofya vitone vitatu juu kulia, tafuta sehemu ya kuhifadhi na kushiriki, chagua kusakinisha ukurasa kama programu. Edge nayo ina kitu hicho hicho kwenye menyu yake, na Safari ya Apple inaweza kuuweka ukurasa kwenye mstari wa ikoni chini tangu mfumo wa Mac wa toleo la Sonoma la 2023. Sasa WhatsApp ina ikoni yake kwenye mstari wa chini na dirisha lake lisilo na vichupo, lakini bado ni ile ile ya profaili ya duka na bado inatumia injini ya Chrome uliyokwisha kuifungua. Kwangu mimi huu ndio mpangilio bora kuliko yote kwa kompyuta dhaifu ya kaunta: mwonekano wa programu, uzito wa kichupo.

Kama umewasha kipengele cha Chrome cha kuokoa kumbukumbu, ambacho hulaza vichupo visivyotumika, ingia kwenye mipangilio ya utendaji na uiongeze web.whatsapp.com kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa. Vinginevyo unaweza kukuta meseji za wateja zimechelewa kuingia.

Sasa mafaili, na hapa ndipo ninapopajali kuliko pote. Kinachoingia kwenye kompyuta ya steshenari ni maisha ya watu: namba za NIDA, vyeti vya ndoa, majibu ya vipimo, hati za viwanja, barua za kuachishwa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi cheti chake amekuamini. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya ni kuzima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp, picha, video, sauti na nyaraka, ili faili lishuke pale tu ninapolibofya. Kwenye simu fanya hivyo pia.

Kisha kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya vipakuliwa, ninawasha swichi inayokuuliza kila mara faili lihifadhiwe wapi. Nina folda moja kwenye meza ya kompyuta, jina lake ni tarehe ya leo. Kila faili la mteja linaingia humo, linaprintiwa kutoka humo, na jioni folda nzima inafutwa kwa Shift na Delete ili isipitie kwenye pipa la taka. Kivinjari hapa kinashinda kwa sababu unakiamuru wewe, kila faili kwa jina lake, na hakuna kinachojificha. Programu nyingi za mitandao huweka nakala zake kwenye folda za ndani sana ambazo mtu wa kawaida hafiki.

Mteja anaposimama kaunta anaiona skrini. Ingia kwenye mipangilio ya arifa ya WhatsApp, zima uonyeshaji wa maneno ya meseji, ibaki sauti tu. Halafu kwenye mipangilio ya faragha kuna kufuli ya skrini kwa nenosiri: iwashe, ichague ifunge baada ya muda mfupi, na nenosiri lisiwe lile la kuwashia kompyuta ambalo kila anayekusaidia analijua.

Ni lini basi ningekushauri upakue programu ya WhatsApp? Kama unapiga simu. Programu ya kompyuta imekuwa na simu za sauti na za video tangu Machi 2021, na baadaye ikaongezewa kushirikisha skrini, jambo linalomfaa sana mwalimu wa tuisheni au mhasibu anayemwelekeza mteja wake mbali. Sababu nyingine ni kama unataka arifa zikufikie hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Ikiwa ndivyo, ichukue kwenye duka la Microsoft au kwenye tovuti ya WhatsApp yenyewe, si kwenye tovuti za kupakulia zinazokurundikia programu usizoziomba.

Telegram: hapa ninapakua

Telegram Desktop ndiyo programu pekee ya mtandao wa kijamii niliyoisakinisha kwenye kompyuta ya duka, na sababu ni uzito. Magrupu ya wanachuo yana maelfu ya meseji na PDF za MB kadhaa. Ndani ya programu unapanda na kushuka bila kukwama, unatafuta jina la kozi na linakuja. Faili moja linaruhusiwa kufika GB 2 kwa asiyelipia. Ipakue kutoka desktop.telegram.org. Kuna pia toleo lisilohitaji kusakinishwa, unaliweka kwenye flashi na kulifungulia popote, ingawa mimi flashi ninayoiachia mtu dakika moja siiwekei akaunti yangu.

Mara tu ikishafunguka, kabla hujaingia kwenye grupu lolote, nenda mipangilio, sehemu iitwayo Advanced, kwenye upakuaji wa moja kwa moja. Utakuta safu tatu: mazungumzo ya watu binafsi, magrupu, na chaneli. Zima zote, au weka kikomo kidogo cha ukubwa wa faili. Usipofanya hivyo, chaneli moja ya tamthilia itamaliza bando la wiki wakati wewe unaprinti. Sehemu hiyo hiyo washa swichi ya kuulizwa mahali pa kuhifadhi kila faili, halafu punguza kikomo cha kumbukumbu inayohifadhiwa kwenye diski.

Kuna hatari moja ya Telegram ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yanakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za Telegram wenyewe, ndiyo maana ukiingia kwenye kompyuta mpya yote yanatokea bila simu. Ufunguo wa kuingilia unatunzwa kwenye folda iitwayo tdata ndani ya kompyuta. Mtu akiinakili folda hiyo kwenye flashi yake, anaweza kuifungua akaunti yako kwake bila kuombwa namba wala nenosiri. Kinga ni nenosiri la ndani: mipangilio, faragha na usalama, nenosiri la ndani, liweke. Baada ya hapo yaliyomo kwenye tdata yamefungwa kwa nenosiri hilo. Na kama una mazungumzo ya siri kwenye simu, usiyatafute kwenye Telegram Desktop ya Windows, hayapo. Yanabaki kwenye kifaa yalikoanzia.

Kompyuta ikiwa si yako, tumia web.telegram.org. Ina matoleo mawili, K na A, yote yanatosha kwa kutoa faili moja na kuondoka.

Waliobaki

Facebook, Instagram, X na TikTok: kivinjari, bila kujiuliza mara mbili. Programu ya Messenger ya kompyuta ilifungwa tarehe 15 Desemba 2025, kwa hiyo ukiona mahali panakuambia uipakue, ondoka hapo. Instagram imeruhusu kupandisha picha na video kutoka kwenye kompyuta tangu Oktoba 2021. Mwenye akaunti ya biashara atumie Meta Business Suite, ambayo iko kwenye kivinjari: unakaa jioni moja, unapanga matangazo ya wiki nzima ya Facebook na Instagram, yanatoka yenyewe. TikTok nako unaweza kupanga muda wa video kutoka kwenye kivinjari. Iliyokuwa TweetDeck ya X, ambayo wengi tuliipenda kwa safu zake, tangu 2023 ni ya wanaolipia.

Signal haina ukurasa wa kivinjari kabisa, ni programu tu. Hoja ni kwamba ukurasa wa wavuti huletwa upya na seva kila unapoufungua, kwa hiyo kila mara unaiamini seva upya. Programu iliyosainiwa kidijitali na watengenezaji wake unaihakiki mara moja unapoipakua. Kwa mwandishi wa habari au wakili hoja hiyo ina uzito, na nadhani Signal wako sahihi.

Faida moja ya kivinjari ambayo wazee wanaokuja dukani wanaipenda ni Ctrl na alama ya kujumlisha. Maandishi yanakua hadi yasomeke bila miwani, na Chrome inakumbuka ukubwa uliouchagua kwa kila tovuti.

Bando

Kama intaneti yako ni hotspoti, mwambie Windows. Fungua mipangilio, mtandao na intaneti, bofya jina la hotspoti yako, ingia kwenye sifa zake, washa swichi ya muunganisho unaopimwa. Kuanzia hapo Windows inazuia sehemu kubwa ya masasisho yake, na duka la Microsoft linaacha kusasisha programu kimyakimya. Hii pekee imeniokolea bando kuliko ujanja wowote mwingine, kwa sababu kila programu unayoisakinisha ni kitu kimoja zaidi kinachotaka kusasishwa, wakati kurasa zote za kivinjari zinategemea sasisho la kivinjari peke yake.

Kwenye mipangilio hiyo hiyo kuna orodha ya matumizi ya data kwa siku 30, programu kwa programu. Ni nzuri, ila kumbuka Chrome itaonekana kama jina moja hata kama ndani yake uliangalia Facebook, YouTube na mpira. Anayetaka kujua hasa nini kinamla, hapo programu zinamwambia ukweli zaidi.

Mla bando mkubwa ni video inayojianzisha yenyewe. Facebook ina swichi yake kwenye mipangilio ya midia. X inayo chini ya matumizi ya data, ndani ya sehemu ya ufikivu. Lakini Firefox inakwenda mbali zaidi: mipangilio, faragha na usalama, kucheza kwenyewe, chagua kuzuia sauti na video. Inazuia kwa tovuti zote. Ukiongezea kiendelezi (kijiprogramu cha kuongezea kwenye kivinjari) cha uBlock Origin ndani ya Firefox, kina swichi ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa unaoutaja kwa KB, na unaibofya picha unayoitaka peke yake ili ije. Chrome ya sasa haipokei tena uBlock Origin kamili, inapokea ile ndogo tu. Kwa hiyo mimi kuperuzi kwa starehe, baada ya kazi, nafanyia Firefox. Hakuna programu ya Facebook wala Instagram itakayokupa uwezo huo, kwa sababu ndani ya programu sheria ni za mwenye programu, ndani ya kivinjari unaweza kuweka za kwako.

Mteja akikaa kwenye kiti chako

Wakati wa maombi ya mkopo vijana wanapanga foleni, na kila mmoja anataka kufungua barua pepe yake, wengine na WhatsApp ili achukue picha ya pasipoti aliyotumiwa. Wasiingie kamwe kwenye profaili ya duka. Bofya picha ya duara juu ya Chrome, chagua mgeni. Linafunguka dirisha jeusi lisilo na historia wala manenosiri. Akimaliza, funga madirisha yote ya mgeni na kila kitu alichoingia kinafutika, kasoro mafaili aliyoyapakua, hayo uyafute kwa mkono. Mfundishe pia kabla hajaondoka achungulie kwenye simu yake, vifaa vilivyounganishwa, na kama kompyuta ya duka bado imeorodheshwa aiguse na kuitoa. Inachukua nusu dakika, na wengi hawajawahi kufungua ukurasa ule. Wapo waliokuta kompyuta za miji waliyohama zamani bado zinasoma meseji zao.

Wewe mwenye duka, nawe uchungulie orodha yako kila mwisho wa wiki, WhatsApp na Telegram zote mbili. Telegram inaonyesha aina ya kifaa, mahali na mara ya mwisho kilipotumika.

Mashine za zamani, na kompyuta ikienda kwa fundi

Steshenari nyingi bado zina Windows 7. Chrome iliacha kuihudumia mwaka 2023, toleo la 109 ndilo lilikuwa la mwisho. Kivinjari kisichosasishwa ndicho mlango ulio wazi kuliko yote, hivyo usiingize namba ya duka kwenye mashine ya namna hiyo; ibakishe kwa kuprinti kutoka kwenye flashi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Vivinjari vikubwa bado vinafanya kazi juu yake, lakini anza kuweka akiba ya mashine nyingine.

Na kompyuta ikiharibika ukaipeleka kwa fundi, au ukiiuza, usingoje iwake ili utoke kwenye akaunti. Chukua simu, toa kifaa hicho kwenye WhatsApp, sitisha kikao chake kwenye Telegram, kwenye Facebook na Instagram ingia kituo cha akaunti, nenosiri na usalama, mahali ulipoingia, toa. Kwa barua pepe ya Google fanya hivyo kwenye sehemu ya vifaa vyako. Ikiwaka, futa folda ya tdata, futa profaili ya duka ndani ya Chrome, futa folda ya tarehe, ndipo umkabidhi.